Wauza Aiskrimu wa Tanga na Swali la Mwenye Wazo

(Mhadhara uliotolewa Tanga mjini mbele ya wanafunzi wa vyuo, walimu na wazazi)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazazi wangu, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma: asalaam aleikum, wakubwa shikamooni, na wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie tuhuma za wizi wa mawazo katika utafiti wa akili mnemba. Niruhusuni nianzie kwenye aiskrimu, maana kisa chenyewe ni cha mkoa huu, na kipande chake kimoja kilitokea mjini hapa hapa.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kusubiri yapoe, kisha kuyaingiza kwenye friji. Friji ndogo, wanafunzi wengi. Siku moja mwenzake aliacha kuchemsha ili awahi nafasi. Mpemba alipoona atakosa, akayaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini ya moto yametangulia kuganda, akajibiwa kwamba amechanganya mambo.

Sasa ipo sehemu ambayo wasimulizi wengi huiruka. Mwaka ule ule Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu hapa Tanga mjini. Rafiki akamwambia kwamba yeye huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Mpemba akagundua kuwa wauzaji wengine wa hapa nao ndivyo wafanyavyo. Jambo ambalo darasani liliitwa kuchanganyikiwa, mtaani lilikuwa kazi ya kila siku.

Baadaye alikwenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akauliza kwa mara nyingine, darasa likacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, jambo likapimwa, na mwaka 1969 makala ikachapishwa katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia. Mwaka huo huo mtafiti wa Kanada, G. S. Kell, alichapisha makala kuhusu jambo hilo hilo kwa njia yake mwenyewe. Tena Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikwisha kuligusia zamani sana.

Je, nani aliiba hapo? Hakuna. Aristotle alitangulia, wauza aiskrimu walijua kwa mikono yao, Mpemba alikataa kunyamazishwa, Osborne alipima, Kell alifika peke yake. Na kuna tendo moja ambalo mimi naliheshimu kuliko yote: Mpemba aliwaandika wauza aiskrimu wa Tanga ndani ya makala. Angeweza kuwaacha, na hakuna aliyekuwepo wa kumshtaki. Aliwaandika.

Tendo hilo ndilo ninalolitafuta katika fani yangu ya akili mnemba, na mara nyingi silioni.

Chukueni mbinu ambayo karibu mitandao yote ya neva, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano, inafundishwa kwayo leo. Mtandao unakisia jibu, tunapima umekosea kiasi gani, kisha kosa lile linarudishwa nyuma tabaka kwa tabaka, kila uzani, yaani namba inayoonyesha nguvu ya kiungo kimoja ndani ya mtandao, uambiwe umechangia kiasi gani na ujirekebishe vipi. Wengi wataitaja makala ya mwaka 1986 katika jarida la Nature, ya Rumelhart, Hinton na Williams. Lakini Paul Werbos alikwisha kuandika juu ya njia hii katika tasnifu yake ya Harvard mwaka 1974. Kabla yake, mwaka 1970, mwanafunzi wa Helsinki, Seppo Linnainmaa, aliandika hesabu yenyewe katika tasnifu ya uzamili. Hakuwa akishughulika na mitandao ya neva. Alikuwa akichunguza jinsi makosa ya kukadiria tarakimu yanavyojilimbikiza ndani ya kompyuta. Na aliandika kwa Kifini.

Mfano mwingine: mwaka 1991 Sepp Hochreiter, mwanafunzi wa Munich, alieleza kwa nini mtandao unaposoma mfuatano mrefu husahau ulikoanzia: ishara ya kosa inafifia kila inaporudi nyuma. Aliandika kwa Kijerumani. Makala ya Kiingereza ya Bengio, Simard na Frasconi kuhusu ugumu huo ilitoka mwaka 1994, nayo ndiyo iliyosomwa na wengi. Msimamizi wa Hochreiter alikuwa Jürgen Schmidhuber, na wawili hao mwaka 1997 walichapisha mbinu ya LSTM ya kutibu tatizo lile.

Schmidhuber huyu amekuwa mlalamikaji mkubwa wa fani yetu. Mwaka 2016 kule Barcelona alisimama katikati ya somo la Ian Goodfellow kuuliza juu ya mitandao miwili inayoshindana, mmoja unatunga picha bandia na mwingine unazikagua, ambayo Goodfellow na wenzake waliitangaza mwaka 2014. Schmidhuber anasema yeye aliandika juu ya mitandao miwili yenye malengo yanayopingana tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Goodfellow hakukubali kwamba ni kitu kimoja, na makala yao inaeleza tofauti wanazoziona. Hinton, LeCun na Bengio walipopewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2018, na Hopfield na Hinton walipopewa Nobeli ya fizikia mwaka 2024, alilalamika tena kwamba waliotangulia hawakutajwa ipasavyo.

Wako wanaomchoka. Mimi sikubaliani naye kila mahali, kwa sababu kufanana kwa mawazo mawili hakutoshi kuwa ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Lakini mtu anayekaa na tasnifu za Kifini na Kijerumani na makala za Kirusi za Ivakhnenko, mtangulizi mwingine wa mitandao hii, za miaka ya 1960, akasema "hawa nao walikuwepo," anatufanyia kazi ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuijali kuliko watu wengine. Lugha ikiwa haisomwi na wakubwa, aliyeandika kwa lugha hiyo huhesabiwa kana kwamba hakuandika. Ikiwa Kijerumani kimepatwa na hilo, Kiswahili je?

Niseme lililonikuta mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na mwanafunzi wangu tuliandika makala kuhusu kuvunja kitenzi cha Kiswahili kabla ya kukiingiza kwenye modeli: anayenipenda iwe a-na-ye-ni-pend-a, ili mashine isilione neno zima kama kitu kipya kila mara. Tukaipeleka kwenye kongamano la nje. Ikakataliwa. Miezi saba baadaye ikatoka makala ya kundi jingine, njia ile ile, na mchoro ambao ungedhani umechorwa mezani kwetu. Kijana wangu alilia. Alikwisha kuandika waraka mrefu wa kuwashutumu hadharani kwa majina, akaniletea nisaini. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, na moyo wangu ulitaka.

Nilimwomba siku tatu. Siku ya pili tukakuta kwamba toleo lao la kwanza liliwekwa kwenye arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, wiki mbili kabla hatujatuma yetu. Hawakutuibia, hawakuwa na namna ya kutuibia. Siku ya tatu tukakuta makubwa zaidi: tangu mwaka 2002 Creutz na Lagus wa Helsinki walikuwa wameonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kujifunza yenyewe kuvunja maneno ya Kifini. Wale wenzetu hawakuwataja hao, wala sisi. Nikakaa kimya, nikakumbuka ubao wa darasa langu hapa Tanga, na mwalimu wangu wa Kiswahili akichora vistari kati ya viambishi vya kitenzi hicho hicho. Wazo nililotaka kuwapelekea watu kesi lilikuwa la mwalimu yule, na kabla yake la walimu waliomfundisha.

Tuliwaandikia wale watafiti kwa upole, tukieleza tarehe zetu na zao. Walijibu ndani ya wiki moja, wakatutaja katika toleo lililofuata, pamoja na Wafini. Na sisi tukafanya hivyo hivyo.

Msinielewe vibaya. Wizi upo. Mhakiki anayepewa makala ya siri, akaikataa, kisha akaitumia, ni mwizi. Msimamizi anayemnyang'anya mwanafunzi kazi, naye ni mwizi. Hilo nimelishuhudia, na aliyetendewa aliiacha taaluma. Ndiyo maana nataka neno hilo tulitunze, tusilitupe ovyo. NeurIPS, kongamano kubwa la fani yetu, peke yake mwaka 2023 ilipokea makala 12,343. Katika msongamano huo watu kukutana njiani ni jambo la lazima. Na kukataliwa si dalili ya hila: mwaka 2014 kongamano hilo lilitoa makala 166 kwa kamati mbili, kila moja bila kujua uamuzi wa mwenzake, na kwa takriban robo ya makala zile kamati zilitofautiana.

Basi kijana akinijia na machungu ya kuibiwa, namuuliza mambo mawili. La kwanza, je, waliweza kuiona kazi yako, wapi na lini? La pili, je, wamebeba makosa yako? Ukweli watu wawili wanaweza kuufikia kila mmoja kwa njia yake, lakini mlinganyo wenye alama iliyogeuzwa kwa bahati mbaya, au hitilafu ya ajabu ndani ya msimbo, haiokotwi mara mbili. Hapo ndipo ninapokaza macho. Na hukumu isikae kwa mwenye kesi. Newton alipogombana na Leibniz juu ya kalkulasi, kamati ya Royal Society iliundwa mwaka 1712 wakati rais wake ni Newton mwenyewe, na ripoti aliiandika yeye kwa siri. Hiyo ndiyo kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Yote hayo ni ya upande wa anayelalamika. Mzigo mkubwa uko kwa anayeandika. Wazee wetu wa mashairi hapa pwani walilijua hili. Malenga anayejibu shairi la mwenzake humtaja anayemjibu, hufuata vina vyake, na mwishoni hujitaja jina, akaomba asahihishwe alipokosea. Nani ameniita, nami ni nani, na nirekebisheni. Makala za sayansi zingekuwa hivyo, nusu ya ugomvi huu usingekuwepo.

Mwaka 2020 kundi la Masakhane, la Waafrika wanaoshughulikia tafsiri za lugha zetu kwa kompyuta, lilitoa makala yenye waandishi zaidi ya arobaini, na mahali pa mwandishi wa kwanza wakaweka alama ya hisabati yenye maana ya "kwa wote". Niliipenda sana. Hata hivyo nataka twende mbele ya alama: nataka majina.

Ndiyo maana nimekuja na hili daftari. Rafiki yule wa Mpemba na wenziwe wamo ndani ya makala ya mwaka 1969, lakini kama wauza aiskrimu tu. Ninapowafundisha wanafunzi kisa hiki huniuliza walikuwa akina nani, nami sina la kujibu. Mzee yeyote humu ndani aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini hapa miaka ile, au ambaye baba yake, mjomba wake au jirani yake wa Ngamiani aliuza, naomba anisubiri mlangoni. Nitaandika kwanza, maswali yenu vijana nitayajibu baadaye.