Jeevanjee na gazeti aliloliuza

Mabibi na mabwana, nashukuru mmefika.

Wengi wenu mmewahi kupumzika Jeevanjee Gardens, pale katikati ya Nairobi, mkasikiliza wahubiri wa saa za mchana. Leo tumzungumzie mwenye jina, Alibhai Mulla Jeevanjee, na hasa gazeti lake.

Alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa, alipata kandarasi ya kuleta vibarua na mafundi kutoka Bara Hindi. Kandarasi nyingine zikafuata, akatajirika. Hilo tulishike: fedha zake za mwanzo zilitoka mkononi mwa serikali ileile ya kikoloni aliyokuja kugombana nayo.

Mwaka 1902 alianzisha African Standard, gazeti la kila wiki, Mombasa. Uhariri alimpa Mwingereza, W. H. Tiller. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu, nao wakaliita East African Standard. Likahamia Nairobi mwaka 1910, likawa msemaji wa walowezi.

Sasa tazameni miaka inavyofuatana. Mwaka 1909 Jeevanjee anateuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Mhindi wa kwanza, peke yake katikati ya Wazungu. Mwaka 1910 yuko London akilalamikia ubaguzi, hasa ile ardhi ya Nyanda za Juu ambayo Mhindi hakuruhusiwa kuigusa. Akafika hadi kupendekeza nchi hii iunganishwe na India! (Waafrika tulikuwa wapi katika hesabu hiyo? Hatukuwemo.) Na malalamiko hayo aliyapeleka kwenye gazeti la watu wa huko. La kwake lilikuwa limeshakwenda, tena linawatumikia haohao aliokuwa akiwashtaki.

Mimi naona kosa lake lilikuwa kudhani kiti cha kuteuliwa kina nguvu kuliko mtambo wa kuchapa. Kiti hakikudumu. Wahindi walipotaka tena kusikika, ilibidi waanze upya: M. A. Desai akaendesha East African Chronicle, na ni katika kiwanda cha uchapaji cha gazeti hilo Harry Thuku, mwanasiasa Mwafrika aliyeupinga ukoloni, alichapishiwa matangazo yake. Hapo serikali ilishtuka kwelikweli.

Jeevanjee alifariki mwaka 1936, mali yake nyingi ikiwa imekwisha. Gazeti alilouza lingali likitoka Nairobi, siku hizi kwa jina la The Standard.

Karibuni kwa maswali.