García Lorca: kuliandika na kulitamka jina la mshairi

Ndugu wahariri, watangazaji na wanafunzi, karibuni. Leo tunashughulikia jina moja tu, la mshairi Mhispania Federico García Lorca. Wengi wetu tumemsoma kupitia Kiingereza, na pamoja na mashairi tumepokea namna ya Kiingereza ya kuliandika na kulitamka jina lake. Hatuna haja nayo.

Mhispania hubeba majina mawili ya ukoo: kwanza la baba, kisha la mama. Baba wa mshairi aliitwa Federico García Rodríguez, mama Vicenta Lorca Romero. Mtoto wao, aliyezaliwa Fuente Vaqueros karibu na Granada tarehe 5 Juni 1898, akapata García kwa baba na Lorca kwa mama. Kwa hiyo García si jina la katikati. Anayeandika “F. G. Lorca” amelifanya jina la ukoo wa baba kuwa kama jina la ubatizo, na kosa hilo limejaa katika maandishi ya Kiingereza.

Mbona basi Wahispania wenyewe husema “Lorca” tu? Kwa sababu García ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Uhispania. Ukisema “shairi la García”, utaulizwa García yupi. Jina la mama ni adimu, likashika nafasi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Pablo Ruiz Picasso na kwa Benito Pérez Galdós. Kwa hiyo kusema Lorca si kosa, hata kidogo. Kosa ni kuligeuza jambo hilo kuwa kanuni. Mwandishi wa Kolombia, Gabriel García Márquez, huitwa “Marquez” kwa Kiingereza kila siku, ilhali kwa Kihispania ni García Márquez, yote mawili, au Gabo kwa wampendao. Kila mtu ana mazoea yake, na mazoea hayo hujulikana kwa kuuliza, si kwa kukisia.

Madhara yake huonekana kwenye orodha ya marejeo. Katalogi za maktaba humweka kwenye G: García Lorca, Federico. Mwanafunzi anayenakili kutoka kitabu cha Kiingereza mara nyingi humweka kwenye L, kisha akipata kitabu kingine humweka kwenye G. Mshairi mmoja anakuwa watu wawili katika tasnifu ileile. Andikeni kwenye G, na ndani ya matini tajeni García Lorca mara ya kwanza, kisha Lorca inatosha.

Na kile kistari ambacho wakati mwingine huonekana katika “García-Lorca”? Mshairi hakuwa nacho. Baada ya kuuawa kwake Agosti 1936, ndugu yake Francisco aliishi uhamishoni Marekani na kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Kwa desturi, watoto wa Francisco wangechukua García na jina la mama yao, na Lorca lingekomea hapo. Familia ikayaunganisha, García-Lorca likawa jina moja la kurithishwa. Ukikiona kistari, unasoma habari za kizazi kilichofuata.

Sasa matamshi, na hapa Mswahili ana bahati. Mwingereza wa London husema kitu kama “Loo-ka”: o imevutwa, r imemezwa, na a ya mwisho imefifia. Mmarekani huitamka r, lakini kwa kuukunja ulimi nyuma. Kihispania hakitaki lolote kati ya hayo. L ni yetu, ya “lala”. O ni fupi na safi. R hugongwa kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kama katika “karne” na “warsha”. A ya mwisho hutamkwa kamili. Mkazo uko kwenye Lo. Tatizo letu ni lingine: kuchomeka irabu tukasema “Lorika”. Semeni “karne” mara tatu, kisha Lorca papo hapo, na irabu hiyo itatoka.

García ina silabi tatu: Gar-cí-a, mkazo kwenye cí. Madrid na kaskazini, c hiyo ni th ya “thelathini”, si dh ya “dhahabu”. Amerika ya Kilatini ni s, na Andalusia, kwao mshairi, matamshi hubadilika hata kati ya vijiji jirani. Kwa hiyo “Garsía” ni sahihi pia. Chagueni moja msichanganye katika kipindi kimoja. Federico ina mkazo kwenye ri, na d yake hulainika ikaribie dh ya “fedha”. Majina yote matatu yakitamkwa kwa pamoja, uzito mkubwa huangukia Lor, García ikipita haraka zaidi.

Alama iliyo juu ya i msiiache. Bila hiyo, kanuni za Kihispania zingeisoma Garcia kwa silabi mbili, mkazo ukiwa kwenye Gar, na hilo si jina la mtu huyu. Kwenye simu, shikilieni herufi i mpaka machaguo yatokee. Kwenye kompyuta ya Windows, shikilieni Alt na mwandike 0237 kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, kisha mwachie.