Mto uliogoma kuolewa

Haya, sauti inafika? Taa nyekundu imewaka, twende. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi. Na wewe mama, shikamoo. Najua ndiye wa kwanza kufungua video zangu, basi nianze na swali lako la kama nimebadili dini: sijabadili. Ile picha niliyotuma, nimekaa kwenye ngazi za mto Narmada na kichupa cha maji mkononi, kichupa si changu. Ni cha bibi mmoja aliyeniomba nimshikie ili ajifunge vizuri sari yake. Habari zake zinakuja.

Kwa wageni wa chaneli hii, mimi ni mtoto wa Tanga, nasoma hapa Vadodara, jimbo la Gujarat, huu mwaka wa tatu. Kule kwetu nyumba ya pili ilikuwa duka la Wahindi, na nilichokijua kuhusu dini yao ni harufu ya udi jioni, pamoja na ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa, ambayo hatukuona haya kuisema hata mbele ya mwenye duka. Miaka yote ile hatukumwuliza hata siku moja anasali nini. Likizo hii nikasema ngoja niende nikaulize.

Mkisikia mto mtakatifu India, akili inakwenda Ganga. Mimi nimefuata Narmada. Kilomita 1,312, unaanzia milima ya Amarkantak katikati ya nchi na kumwaga maji Ghuba ya Khambhat, saa chache tu kutoka hapa nilipo. Sasa angalieni ramani, nawawekea hapa. Mito mikubwa ya India ya kusini, Godavari, Krishna, Kaveri, yote inakwenda mashariki. Narmada unakwenda magharibi. Mtu wa jiolojia atakwambia mto umefuata ufa wa ardhi kati ya safu mbili za milima, Vindhya na Satpura, na sisi wa Bonde la Ufa hilo tunalielewa bila kuchorewa. Lakini mwulize mama muuza maua pale Amarkantak kwa nini mto umegeukia magharibi. Atakwambia ni kwa sababu ya mwanamume.

Kisa ni hiki. Narmada alikuwa binti wa mfalme Mekal. Baba akatangaza: atakayeleta maua ya gulbakavali, ambayo si rahisi kupatikana, ndiye atakayepewa binti. Akayaleta kijana mmoja, Sonbhadra. Huyo naye ni mto, mto Son, unaanzia milima ileile. Posa ikakubaliwa. Narmada alikuwa hajamwona mchumba wake, na siku zikawa haziendi, basi akamwita kijakazi wake Johila, akamwambia nipelekee salamu. Johila akasema, bibi, nitakwendaje kwa mchumba wako na matambara haya? Niazime nguo zako na vito vyako. Akaazimwa.

Nyie wanawake wa Tanga mmeshajua mwisho. Mshenga kapambwa kuliko biharusi! Sonbhadra akamwona binti wa kifalme anakuja, akadhani ndiye, na Johila hakumsahihisha. Narmada alipoona kimya kimezidi akaenda mwenyewe, akawakuta. Hakupiga kelele. Akageuza uso, akaelekea magharibi, akaapa kwamba haolewi maisha yake yote. Hata leo watu wanamwita Kumari, mwanamwali, na hapohapo wanamwita Maiya, mama. Ukirudi kwenye ramani, Son unakwenda upande wa pili mpaka unaingia Ganga, na kijito cha Johila kinaingia ndani ya Son. Bado wako pamoja hao wawili. Nilipooneshwa hilo kwenye simu nilicheka mpaka dereva akageuka kuniangalia.

Amarkantak kwenyewe ni mji mdogo, baridi, misitu ya miti iitwayo sal. Unashuka treni stesheni ya Pendra Road, halafu gari ya kupanda mlima. Chemchemi imejengewa kidimbwi cha mawe na kuzungukwa na mahekalu meupe, na ukitazama maji yale yaliyotulia huamini kwamba mbele yatabeba mabwawa na meli. Ndani ya ua kuna tembo wa jiwe, mdogo, hata kiunoni hanifiki sawasawa. Watu wanalala kifudifudi na kupita kwa kutambaa chini ya tumbo lake, kati ya miguu. Wanasema mwenye dhambi hukwama. Nikasimama pale nusu saa nzima, jamani, sikuondoka. Baba mmoja ana kitambi kama gunia la mkaa akapita kama nyoka. Nyuma yake kijana mwembamba akakwama mabegani, ukoo mzima unamvuta miguu na kumcheka. Mimi sikujaribu. Chapati za hosteli nazijua mwenyewe.

Na kuna imani nyingine niliisikia kila kituo. Ganga, huyo mto mkubwa tunaousikia, naye huchafuka kwa dhambi za watu wanaomwoga. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka Ganga huja kwenye Narmada akiwa ng'ombe mweusi, anaoga, anatoka mweupe. Ganga unatakiwa uoge ndiyo utakasike, Narmada kuutazama tu kunatosha. Mashabiki wa Narmada wana majigambo yao, msidhani Simba na Yanga ni za kwetu peke yetu.

Sasa lile lililonitoa nyumbani. Huu mto watu wanautufu. Sina neno lingine, ni kutufu. Wao wanaita parikrama. Unaanzia mahali, mara nyingi Omkareshwar, unatembea kando ya mto mpaka baharini, unahamia ukingo wa pili, unatembea mpaka Amarkantak kwenye chemchemi, unazunguka na kurudi ulipoanzia. Zaidi ya kilomita 2,600, kwa miguu. Sisi Kaaba huwa kushotoni, wao mto lazima uwe kuliani muda wote. Na marufuku kuvuka. Hata ukiona daraja mbele yako na ndugu yako anakupungia ng'ambo, huvuki. Kwa desturi kamili ilikuwa miaka mitatu, miezi mitatu na siku kumi na tatu, na miezi minne ya masika ya huku unakaa ulipo, husogei. Siku hizi wengi wanamaliza kwa miezi kadhaa, na wenye haraka wanapanda basi. Sitawasema wa basi, na mimi nilikuwa kwenye basi.

Omkareshwar ni kisiwa katikati ya mto, wanasema kina umbo la herufi ya Om, neno takatifu la Wahindu. Pale kuna moja ya zile jyotirlinga 12, mahekalu makuu ya mungu Shiva. Wanasimulia kwamba mlima Vindhya uliona wivu kuambiwa mlima Meru, ule wa hadithi zao, si wetu wa Arusha, ni mkubwa kuliko yeye, ukamwabudu Shiva hapo mpaka akaujia. Sikumaliza hata kuuliza maswali, foleni ilikuwa inanisukuma kama mwendokasi wa jioni Kariakoo. Ila niligundua jambo moja: kwa kuwa ni kisiwa, aliyekwisha kuanza parikrama haruhusiwi kukikanyaga. Analiona hekalu kwa macho, linang'aa mbele yake, anakwenda zake. Atalifikia akimaliza.

Bibi wa kichupa nilimkuta Maheshwar, ukingo wa kaskazini. Umri wa bibi yangu mzaa baba, miguu mitupu, sari nyeupe, fimbo, furushi. Kichupa kina maji ya Narmada aliyoyachota siku ya kuanza, na anakilaza mahali safi kila jioni kabla yeye hajalala. Alianza Omkareshwar mwezi Novemba, ameshafika baharini na sasa anapanda. Rafiki yangu wa darasani ndiye aliyekuwa akitafsiri. Nikamwuliza, bibi, unakula wapi? Akasema kijijini. Watu wakisikia "Narmade Har!" mlangoni, hiyo ndiyo salamu, wanajibu hivyohivyo, wanatoa unga, dengu, chumvi, au wanakupikia kabisa. Wanaotoa nao wengi ni maskini. Nikauliza kama miguu haiumi. Akanitazama kama niliyeuliza kama maji yana majimaji. Akasema inauma, lakini siendi peke yangu, na akaelekeza mtoni kwa kidevu.

Maheshwar nisiupite hivihivi, ndio mji nilioupenda kuliko yote. Ngome na zile ngazi ndefu za kuteremkia majini ni kazi ya malkia Ahilyabai Holkar. Mume alimfia vitani mwaka 1754, akashika utawala mwaka 1767, akatawala mpaka alipofariki mwaka 1795, na makao yake aliyaweka hapa, mjane kando ya mto usioolewa. Alijenga mahekalu India nzima, hata lile kubwa la Kashi, yaani Varanasi, ni yeye aliyelijenga upya mwaka 1780. Vitambaa vya Maheshwar bado vinafumwa kwa mkono, unasikia vyombo vya mfumaji vinagonga, tak-tak, tak-tak, unashuka ngazi.

Na ngano ya hapa wanaipenda watoto. Mfalme Sahasrarjuna alikuwa na mikono elfu moja. Siku moja anaoga na wake zake, akataka dimbwi la kuchezea, akaitandaza mikono na kuuziba mto wote. Kumbe upande wa juu Ravana, yule jitu la vichwa kumi, amekaa anamwabudu Shiva. Maji yakajaa, yakamzoa maua na sadaka zake. Akaja kwa hasira kupigana, akapigwa, akafungwa kama mbuzi. Chini kidogo ya mji mto unapasuka kwenye miamba, unakuwa vijito chungu nzima, na watu wanasema maji ndipo yalipochomokea kati ya ile mikono.

Nimeitoa hadithi hiyo makusudi, kwa sababu chini zaidi kuna mkono uliouziba kweli. Bwawa la Sardar Sarovar likijaa, maji yake hufika mita 138.68 juu ya usawa wa bahari, na lilizinduliwa mwaka 2017, baada ya miongo ya mapambano. Wanakijiji na kundi la Narmada Bachao Andolan, yaani harakati za kuiokoa Narmada, akiwamo mwanaharakati Medha Patkar, walilipinga tangu miaka ya 1980, kwa kuwa ziwa lake lingemeza mashamba na vijiji vyao. Na lilivimeza. Lilimeza pia hekalu la kale la Shoolpaneshwar, likajengwa jingine juu. Ule msitu wa Shoolpan ndiko mahujaji wa zamani walikoporwa na Wabhil, wenyeji wa kule, kila kitu mpaka nguo, ukabaki na kipande cha kujisitiri. Na hawakulalamika! Walihesabu ni sehemu ya safari, kwamba hapo ndipo mto unapokuvua ulivyoving'ang'ania. Leo njia ile iko chini ya maji na mahujaji wanazunguka mbali kwa barabara. Upande wa pili, mfereji mkuu wa kilomita 458 unapeleka maji mpaka mpaka wa Rajasthan, kwenye ukame hasa. Mimi nakunywa maji Gujarat, kwa hiyo sina ujasiri wa kuhukumu. Ila nilipokaa na bibi yule nilihesabu hatua anazoongezewa, nikaona anayelipa si mimi.

Baharini sasa. Kuvuka ni marufuku, lakini kuzunguka mdomo wa mto kwa bahari si kuvuka, kwa hiyo mahujaji wanapanda boti, na boti inasubiri maji yajae. Watu wa pwani mnaelewa: kupwa na kujaa kwa ghuba hii si mchezo, bamvua la kwetu ni mtoto. Karibu na hapo ndipo mji wa Bharuch. Msafiri mmoja aliandika habari zake kwa Kigiriki kwenye Periplus, kitabu cha safari za bahari cha karne ya kwanza, akiuita Barygaza, akionya kuhusu maji hayohayo na kusema kwamba wavuvi wa mfalme walitoka kuongoza meli ziingie. Na katika maandiko hayohayo anaitaja pwani yetu, Azania, mpaka soko la Rhapta.

Kwenye kisiwa cha mtoni jirani na Bharuch kuna mti wa banyan, jamii ya mkuyu, wenye mizizi inayoning'inia, umetanda kama msitu mzima. Wanauita Kabirvad. Wanasema mtakatifu Kabir alimaliza kupiga mswaki, akatupa kijiti, kikaota. Nimefurahi sana kukuta mswaki umefanya makubwa.

Halafu Ratanpur. Ni kilima upande wa kusini wa mto, wanachimba akiki, na juu kuna kaburi la Bava Gor, walii mweusi aliyekuja kutoka Uhabeshi. Alitumwa kupambana na jini la kike, lakini mwanamume hapigani na mwanamke, basi dada yake Mai Misra ndiye aliyelimaliza. Wanaolitunza kaburi ni Wasidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, Waislamu, na wanaokuja kuweka nadhiri ni Waislamu na Wahindu pamoja. Tulifika alasiri. Mama mmoja akanishika mkono akaulinganisha na wake, hakusema kitu. Kisha vijana wakatoa ngoma, na rafiki yangu akauliza mchezo huu unaitwaje. Wakasema: goma.

Nikawaambia kwetu ni ngoma. Yule mama akarudia polepole, ngo-ma, akacheka, akataka kujua kama kwetu inapigwa hivihivi. Sikuwa na video hata moja kwenye simu, nina selfi tu! Nimemwahidi. Sasa wewe uliye Tanga, Pangani, Bagamoyo, ukiona ngoma wikendi hii, harusini au popote, rekodi dakika mbili, uipige karibu mikono ionekane, unitumie. Ratanpur narudi mwezi ujao.