Hodi Zote kwa Kiini Kimoja

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na usiku mmoja nilioukesha kazini. Seva ilikuwa na viini 16, yaani sehemu 16 za prosesa, kila moja ikifanya kazi yake. Watumiaji wanalalamika kurasa hazifunguki, pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zinadondoka, nami natazama grafu: matumizi ya prosesa, asilimia 6. Nikaamini kosa liko kwenye swichi. Nikabadilisha kebo mara mbili.

Hiyo asilimia 6 tuipigie hesabu. Gawa 100 kwa 16, unapata 6.25. Kiini kimoja kilikuwa kimejaa pomoni, 15 vimekaa bure, na grafu ikanipa wastani wa vyote.

Tazameni hapa ukutani. Kwenye Linux, fungua faili la /proc/interrupts. Kila safu ni kiini, kila mstari ni mbisha hodi. Nasema hodi kwa sababu ndicho kadi ya mtandao inachofanya: pakiti ikifika inabisha, na kiini kinaacha shughuli yake kwenda kufungua. Mstari wa kadi yangu ulikuwa na mamilioni chini ya CPU0, halafu sifuri, sifuri, sifuri mpaka mwisho.

Na wageni ni wengi. Laini ya gigabiti 10 ikijaa pakiti ndogo kabisa za Etheneti, zinaingia milioni 14.88 kwa sekunde. Kila moja inapata nanosekunde 67 tu. Kerneli, moyo wa mfumo endeshi, hujitahidi: baada ya hodi ya kwanza hunyamazisha kengele na kuchota pakiti kwa mafungu. Lakini kuchota nako ni kazi.

Kadi nyingi za seva zina foleni kadhaa, kila foleni na hodi yake. Amri ya ethtool -l itakuonyesha zipo ngapi na ngapi zimewashwa. Usiku ule zilikuwa 8, iliyowashwa moja. Kama kadi yako ina foleni moja tu, kerneli yenyewe inaweza kuwagawia viini kazi kwa RPS (Receive Packet Steering), iliyoingia kwenye toleo la 2.6.35 mwaka 2010.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara: kwa nini tusigawe pakiti kwa zamu, hii kwako, hii kwangu? Kwa sababu pakiti za muunganisho mmoja zitapishana njiani. Ya tano ikitangulia ya tatu, TCP, kanuni inayosimamia muunganisho huo, inadhani kuna iliyopotea, inapunguza mwendo. Ndiyo maana kadi huchukua anwani na namba za bandari za pande zote mbili, ikazipigia heshi, hesabu inayotoa jibu lile lile kwa namba zile zile, na jibu likachagua foleni. Muunganisho mmoja, foleni moja, daima. Nawasihi sana hapa: usipime kwa kupakua faili moja kubwa ukasema marekebisho hayakusaidia. Faili hilo litabaki kwenye kiini kimoja. Pima kwa miunganisho mingi.

Seva ikiwa na soketi mbili, yaani nafasi mbili za kuchomeka prosesa, kadi imechomekwa upande wa mojawapo. Mimi huanza na viini vya upande huo, maana kiini cha ng'ambo hulazimika kuvuka kufuata data. Na ukipanga kwa mkono hodi ipi iende kiini kipi, kumbuka irqbalance, programu inayogawa hodi yenyewe, inaweza kuja kupangua. Isimamishe au iambie iziache hodi hizo.

Haya, tuiwashe seva ya majaribio. Andikeni mpstat -P ALL 1, na macho yote kwenye safu ya %soft, inayoonyesha muda ambao kila kiini kinautumia kwa kazi za kerneli zinazofuata hodi, kama kuchota pakiti.