Usisaini Kikao Ambacho Hukukaa

Ndugu wajumbe wapya wa kamati za shule, hongereni kwa kuchaguliwa. Sheria ya Elimu ya 1978 na muundo wa kamati mmeshasomewa asubuhi, sirudii. Mimi nina langu lile lile, walionisikia mwaka jana wanivumilie: usisaini muhtasari wa kikao ambacho hukukaa.

Mnacheka kwa sababu mnamjua yule mtoto wa darasa la sita anayetumwa nyumbani na daftari. "Shikamoo babu, Mwalimu Mkuu anasema usaini hapa." Babu yuko bandani anakamua, anafuta mkono kwenye suruali, anasaini. Basi, kamati "imeridhia" ununuzi wa mabati.

Kuna shule moja, siitaji, ilikuwa inajenga matundu ya vyoo kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kuweka mafundi yenyewe, bila mkandarasi. Kamati ya manunuzi ipo, ya mapokezi ipo, zote kwenye karatasi. Mjumbe mmoja ni mama anayefyatua tofali za saruji. Akaletewa hati ya mapokezi: mifuko 60 ya saruji. Akasema, nifungulieni stoo. Akahesabu 41. Akahesabu tena, akakalia mfuko mmoja, akagoma kusaini. Wakambembeleza: Mama, tarehe 30 Juni hiyo inakuja, mwaka wa fedha ukiisha hela zinarudi Hazina, utawakosesha watoto vyoo. Akajibu, zirudi. Keshokutwa yake gari likaleta mifuko 19. Eti mzabuni alisahau! Mimi sijawahi kuona mzabuni anasahau kudai.

Najua kuna anayesema moyoni, huyo mama ni fundi, mimi niliishia la saba, hesabu za serikali siku hizi zimo kwenye mfumo wa kompyuta. Hesabu gani? Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 za vitabu, 6,000 zije shuleni. Una watoto 600? Hiyo ni 3,600,000, yaani laki tatu kwa mwezi. Chaki humo humo, karatasi za mitihani humo humo, kitasa kilichovunjika humo humo. Ukilijua hilo utaacha pia kumwona Mwalimu Mkuu mwizi kila akisema hana hela. Mara nyingi kweli hana. Lakini kumbukeni ndiye katibu wenu, kalamu anayo yeye. Mkisema "tumekataa", hakikisheni limeandikwa "tumekataa", si "wajumbe walijadili kwa kina".

Faida yake? Vile vyoo vina milango yenye komeo kwa ndani, na mabinti wa darasa la saba hawakimbilii tena nyumba za jirani. Mama wa tofali sasa hafiki sokoni bila kusimamishwa na wazazi, huyu na habari za mwanawe, yule na za mwalimu mlevi. Anachoka, ila hataki kuachia.

Chakula cha mchana nilitaka kukisema kwa kirefu, mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi: mchango wa wazazi ni wa makubaliano, mtoto asirudishwe nyumbani kwa debe la mahindi. Utoro na madawati yamo kwenye makabrasha.

Mzee wangu pale nyuma, umeinua mkono tangu nianze. Uliza, ingawa najua ni la posho, na jibu ni lile lile la mwaka jana: soda.