Viatu vya handibreki, na habari ya jiwe

MSHAMU: Sauti zetu mnazijua, hatujitambulishi. Dada Somoe, naona kucha nyeusi leo.

SOMOE: Vumbi la breki hilo, halitoki kwa sabuni ya kipande. Wiki hii nimebadilisha viatu vya handibreki kwenye ile Toyota Mark II, uani hapahapa Shangani, Mtwara. Kwa hiyo leo mambo ni matatu: viatu, springi, kebo. Tukimaliza hayo tunafunga.

MSHAMU: Tairi za mbele ulizizuia na nini?

SOMOE: Jiwe.

MSHAMU: Jiwe gani?

SOMOE: Jiwe ni jiwe, kaka.

MSHAMU: Thubutu! Kama uliokota kwenye kifusi cha Mikindani, lile ni la matumbawe. Nyumba za zamani zimejengwa nalo na bado zimesimama, lakini chini ya tairi linamumunyuka. Gari likisogea kidogo unabaki na unga.

SOMOE: Tutarudi kwenye jiwe. Wasikilizaji, hapa nazungumzia gari lenye diski nyuma, ambalo katikati ya diski kuna dramu ndogo. Breki ya mguu inabana diski kwa pedi. Handibreki ina viatu vyake humo ndani, vyuma vilivyopinda vinavyobana dramu kwa ndani, viwili kila upande, jumla vinne. Watu wanabadilisha pedi mara kumi bila kujua kama hivyo viatu vipo.

MSHAMU: Na viatu hivyo haviliki kwa kusimamisha gari, maana unavuta gari likiwa limeshasimama. Vinakufa kwa mawili: mtu kuendesha mkono wa handibreki ukiwa juu, au kutu. Kwetu huku pwani ni kutu. Inaingia chini ya gundi, inavimba, inainua laini, yaani ule utando wa kusugua uliogandishwa juu ya kiatu, kutoka kwenye chuma. Siku moja laini inabanduka nzima, inazunguka ndani ya dramu, unasikia kama kopo lenye kokoto.

SOMOE: Au mawe.

MSHAMU: Umelitaja wewe, si mimi.

SOMOE: (anacheka) Tuendelee. Gari kwenye ardhi tambarare, gia kwenye P, handibreki chini kabisa. Legeza nati za tairi kabla ya jeki. Ukishainua, weka stendi. Jeki peke yake si ya kulalia chini yake. Na fungua upande mmoja tu, ule mwingine uache mzima uwe kielelezo, kwa sababu ukishachanganya springi hizo hakuna picha ya simu itakayokuokoa.

MSHAMU: Picha piga vilevile.

SOMOE: Piga. Toa kalipa, ile inayoshika pedi, pamoja na kibebeo chake, bolti mbili kwa nyuma, uifunge na waya kwenye springi ya gari. Isining'inie kwa paipu ya breki. Paipu hufungui, kwa hiyo habari ya kutoa upepo haipo. Sasa diski inagoma kutoka. Kwa nini?

MSHAMU: Dramu imelika katikati, imeacha ukingo, viatu vinanasa kwenye ukingo.

SOMOE: Ndiyo maana unaanza na lile tundu lenye kizibo cha mpira. Ingiza bisibisi bapa, zungusha kinyota cha adjasta, kile kigurudumu chenye meno kinachotanua viatu, mpaka viatu visinyae. Bado inagoma? Toyota wameweka matundu mawili yenye uzi kwenye diski, yanachukua bolti za M8. Kaza hii kidogo, kaza ile kidogo, diski inajisukuma yenyewe. Mtu anayeshika nyundo wakati matundu hayo yapo, mimi simwelewi.

MSHAMU: Wengine wanapiga kwa jiwe.

SOMOE: Mshamu!

MSHAMU: Sikiliza, hili ni suala la usalama. Panda Newala kipindi cha korosho. Lori limezimika kwenye mlima, tingo anaruka na jiwe, anaweka. Lori likiwaka wanaondoka, jiwe linabaki katikati ya lami. Usiku anakuja wa pikipiki.

SOMOE: Hapo nakuunga mkono.

MSHAMU: Chonga kabari ya mbao ngumu, upande mmoja mshazari, kimo chake kisipungue robo ya kimo cha tairi. Itoboe, funga kamba, kamba ifungwe kwenye gari. Ukiondoka bila kuiokota inakufuata.

SOMOE: Kamba ile ikisahaulika itaingia kwenye ekseli.

MSHAMU: Basi ifungwe kwa tingo.

SOMOE: (anacheka) Ya Rabi. Viatu, jamani. Vaa miwani, springi za juu zikifyatuka zinatafuta jicho. Usipulize vumbi kwa kompresa, laini za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, ufute. Springi ndogo za ubavuni unazibonyeza kikombe chake kwa plaizi, unageuza pini robo mzunguko, inaachia. Kisha zile ndefu za juu, kisha kile kipande kinachokaa kati ya viatu, kisha adjasta na springi yake ya chini.

MSHAMU: Na wenzo.

SOMOE: Na wenzo, ndiyo. Kiatu cha nyuma kina wenzo unaovutwa na kebo, umeshikwa na klipu. Kwenye boksi jipya haumo! Unautoa kwenye kiatu cha zamani, unauhamishia kipya na klipu mpya. Watu wanatupa viatu vya zamani na wenzo wake, halafu jioni wanarudi kupekua jalala.

MSHAMU: Springi nunua seti nzima, na pini zake. Springi nzuri mizunguko yake imegusana ikiwa imelala. Ukiona mwanga unapita katikati, imechoka, haitarudisha kiatu, kitakuwa kinasugua safari nzima. Pini nazo, kwa chumvi ya hapa, nyingine zinakatika ukizigusa.

SOMOE: Sahani ya nyuma ina sehemu sita zilizoinuka ambazo kiatu kinateleza juu yake. Zipige msasa. Zikiwa na mfereji, kiatu kitanasa humo hata kiwe kipya. Grisi ya kuvumilia joto, kiasi cha punje ya mchele kila sehemu, na kwenye uzi wa adjasta. Adjasta ya kulia na ya kushoto usizibadilishane.

MSHAMU: Ukikuta mafuta kwenye laini?

SOMOE: Simama hapohapo. Sili inavuja, anza na sili. Laini iliyolowa mafuta haisafishiki.

MSHAMU: Kurekebisha.

SOMOE: Viatu kwanza, kebo baadaye. Kebo iwe imelegea. Rudisha diski, ishike na nati mbili, zungusha kinyota mpaka diski ikwame kabisa, kisha rudisha meno 8. Diski izunguke bila kusugua. Ndipo unakwenda kwenye kebo, na mkono ulie mara 5 mpaka 8 ukivuta. Anayekaza kebo ili kufidia viatu vilivyolika anajidanganya, wenzo unakuwa umeshavutwa nusu kabla hajagusa kitu.

MSHAMU: Sasa, viatu vipya umevipata. Usiku usivute handibreki.

SOMOE: Unasemaje?

MSHAMU: Shangani, mita chache kutoka baharini. Gari limeoshwa jioni, dramu ina maji, unavuta, unalala. Ukiacha siku tano laini imeshikana na chuma. Ukilazimisha kuondoka unaibandua. Weka P, weka kabari, lala.

SOMOE: P ni kidole kimoja cha chuma ndani ya gia boksi. Unataka gari zima liegemee hapo?

MSHAMU: Tambarare hakuna kinachoegemea.

SOMOE: Na handibreki isiyovutwa ndiyo inayokufa. Kebo inashika kutu ndani ya ganda lake, siku ukiihitaji haivuti, au inavuta hairudi. Kinachookoa kebo ni kuivuta kila siku. Ukitoka kuosha gari, endesha kidogo, vuta mkono taratibu mara mbili tatu, dramu ikauke, kisha uegeshe na uvute.

MSHAMU: Mchana vuta utakavyo. Mimi nasema usiku, na gari linaloachwa wiki.

SOMOE: Linaloachwa wiki hata mimi ningefikiria. Usiku mmoja, hapana.

MSHAMU: Usiku mmoja wa masika kwenye chumvi?

SOMOE: Hata huo.

MSHAMU: Sikubali.

SOMOE: Nami sikubali. Na wewe unatetea jiwe lako tu.

MSHAMU: Kabari!

SOMOE: Jiwe lililosoma.

MSHAMU: (anacheka) Zimebaki dakika mbili, na kebo hatujaigusa.

SOMOE: Mambo matatu yangu yameliwa. Kebo haiwezi kuelezwa kwa dakika mbili, ina kisawazisho chini, ina ganda, ina njia ya kuipitisha. Acha niseme la kuzoesha viatu vipya kwenye dramu. Barabara kavu, tambarare, haina watu, mwendo kama kilomita 50 kwa saa. Shika kitufe cha mkono kikiwa kimebonyezwa, vuta kwa nguvu ya kilo 9 hivi, nenda mita 400, achia, dramu ipoe. Rudia mara mbili au tatu, halafu upime tena ule mlio wa mkono.

MSHAMU: Nati za tairi?

SOMOE: Kaza kwa spana ya kupimia, Nm 103 kwa Toyota nyingi ndogo, kwa mpangilio wa nyota, tairi likiwa chini. Na kebo—

MSHAMU: Muda, dada.

SOMOE: Haya, zima.