Kipindi cha 41: Umeshabonyeza?

RIZIKI: Haya, tumerudi. Mimi Riziki, niko San Diego, na kule Phoenix yuko yule yule. Juma, pikipiki yako Bibi hajambo?

JUMA: Bibi hajambo, dada. Taa ya mbele inawaka, ya nyuma inawaka, ya breki inawaka, indiketa zinapepesa. Saiti mira nimefunga. Kilichobaki ni sauti.

RIZIKI: Sauti?

JUMA: Honi. Lakini subiri, leo nina karatasi. Nimeandika mambo sita, kuanzia stata, zile koili zinazozalisha umeme injini ikizunguka, mpaka bima, ili mtu mwenye pikipiki ya porini ajue aanzie wapi kuiingiza barabarani. Maana wasikilizaji wametulalamikia kuwa hatumalizi.

RIZIKI: Wana haki. Anza na honi.

JUMA: Honi ni ya tano.

RIZIKI: Anza na honi.

JUMA: [anacheka] Basi. Ijumaa usiku nilisoma sheria ya hapa Arizona. Inataka honi isikike, hali ya kawaida, umbali usiopungua futi 200. Nikapiga hesabu, ni kama mita 60. Na mimi si mtu wa kubahatisha. Jumamosi nikachukua tepu ya kazini, nikapima mtaa wetu kuanzia mlango wa gereji mpaka kwa yule jirani mwenye mbwa watatu. Nikamsimamisha mke wangu Mama Neema pale, na simu mkononi.

RIZIKI: Joto lilikuwa nyuzi ngapi?

JUMA: Tusiingie huko.

RIZIKI: Ngapi, Juma?

JUMA: Arobaini na moja. Lakini alikuwa na mwavuli! Nikapiga kiki, Bibi akaitika kiki ya nne, nikamwacha angurume polepole. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, nikashikilia. Simu ikaita. Mama Neema ananiuliza, "Umeshabonyeza?"

RIZIKI: [anacheka sana] Wallahi mwanamke huyu ana subira.

JUMA: Namwambia nimebonyeza mara mbili. Ananijibu, "Basi rudia, labda nilikuwa napumua."

RIZIKI: Labda nilikuwa napumua! Hiyo iandikwe kwenye fulana.

JUMA: Mimi niliyekaa juu yake nilisikia. Ilikuwa kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Nikavuta mafuta kidogo, honi ikapata nguvu, lakini sasa ekzosi ikaimeza. Yaani nikitaka honi ilie lazima nivute mafuta, na nikivuta mafuta kinachosikika ni Bibi mwenyewe.

RIZIKI: Basi mwambie askari kuwa Bibi ndiye honi.

JUMA: Nilimwambia Mama Neema hivyo hivyo. Akakata simu.

RIZIKI: Haya, tufundishe. Kwa nini haikulia?

JUMA: Bibi ni Honda XR400R, ilitoka kiwandani bila betri. Honda waliitengeneza kuanzia 1996 mpaka 2004, yangu ya 2002, na walikusudia ikimbie porini tu. Umeme wake unatoka kwenye stata moja kwa moja, ule unaokwenda na kurudi. Ukiongeza mafuta unapanda, ukiachia unashuka, na injini ikinguruma taratibu ndiyo haba kabisa. Taa ya mbele peke yake inakaribia kuumaliza. Sasa mimi nikachukua honi iliyozoea umeme wa betri, nikaichomeka humo humo.

RIZIKI: Mgeni umemkaribisha nyumba isiyo na chakula.

JUMA: Eeh. Dawa yake ni kufunga rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme uende upande mmoja, na betri ndogo, umeme utulie. Lakini kuna mtego. Koili ya taa ncha yake moja imeunganishwa na bodi kule ndani ya stata. Ukifunga rektifaya bila kuigusa, unavuna nusu ya umeme. Inabidi ufungue kifuniko, uyeyushe ile risasi iliyoungia waya, ncha uitoe kwenye bodi, uiongezee waya wake peke yake mpaka nje. Hapo ndipo unapata umeme wote. Kwenye karatasi hiyo ni namba moja.

RIZIKI: Na umeifanya?

JUMA: Nilifunga taa za LED zisizokula umeme mwingi, nikasema hiyo inatosha.

RIZIKI: Umeruka namba moja ya karatasi yako mwenyewe.

JUMA: Karatasi nimeiandika Jumapili, dada.

RIZIKI: [anacheka] Na indiketa za LED hazikukusumbua?

JUMA: Mwanzo zilikataa kupepesa. Ile flasha ya zamani, kifaa kinachozipepesa, inategemea balbu inayokula umeme mwingi ndipo ipate joto, ikate na kuunga. LED haiipi joto. Nikanunua flasha ya kielektroniki, ikaisha. Halafu kumbe hapa Arizona pikipiki hailazimishwi kuwa na indiketa, unaweza kunyoosha mkono. Nilijua baadaye.

RIZIKI: Huku kwetu ni lazima. Lakini hebu niambie, tangu ufike Marekani umepiga honi mara ngapi? Ya gari.

JUMA: Aa, hapo umenishika. Mwaka wa kwanza nilipiga sana, ya salamu tu. Namuona mtu wa kazini anatembea, namgusia, pii. Siku moja bosi akaniita akaniuliza, una ugomvi gani na fulani?

RIZIKI: Huku honi ni tusi.

JUMA: Ni tusi! Mimi nimeendesha bodaboda Morogoro miaka minne, honi ndiyo ilikuwa mdomo wangu. Ukiigusa mara moja unamuuliza abiria, twende? Mara mbili, asante mkubwa umenipisha. Ukiiburuza ndefu, mama toa mtoto barabarani. Na kila kijiwe kina lafudhi yake. Wa Msamvu walikuwa na vurugu, sisi wa Mafiga tulikuwa wastaarabu.

RIZIKI: Hiyo ya ustaarabu tutawauliza wa Msamvu. Mimi nyumbani honi ilikuwa saa. Wanaonijua wanajua marehemu baba alikuwa dereva wa lori, Mombasa mpaka Malaba na kurudi. Siku ya kurudi, akifika pale Changamwe kabla hajaingia yadi, anapiga honi mara tatu, ya mwisho anaivuta. Sisi tunakaa nyuma, nyumba ya nne kutoka barabara kuu. Mama akisikia tu, sufuria ya maji ya sima inapanda jikoni. Hakuwa na simu, hakuna ujumbe. Na hakukosea hata siku moja, malori yote yale yanapita, yote yana honi.

JUMA: Aliijua kama sauti ya mtu.

RIZIKI: Kama sauti ya mtu. Siku moja lori la baba likaharibika, akaja na lingine badala yake. Akapiga ile ile, tatu, ya mwisho ndefu, lakini chuma tofauti. Mama hakuinuka. Baba kafika mlangoni, hakuna sima. Kanuna! "Hamkunisikia?" Mama akamjibu, "Nimesikia mtu anapiga honi, sikusikia wewe."

JUMA: [kimya kidogo] Hii nzuri, dada. Hii hukuwahi kuisema.

RIZIKI: Sijawahi. Ni huyu Mama Neema na mwavuli wake kanikumbusha. Na wewe honi yako ukiipata, utamsalimia nani?

JUMA: Nitampigia Mama Neema, sufuria ipande.

RIZIKI: Mita 60, umeshabonyeza?

JUMA: [anacheka] Haya, turudi kwenye karatasi. Namba mbili, swichi ya breki ya nyuma.

RIZIKI: Kabla ya namba mbili nina neno. Nimelizuia wiki tatu, na leo nalisema hewani. Juma, uza Bibi.

JUMA: Dada!

RIZIKI: Uza. Ukanunue XR650L. Honda wanaiuza tangu 1993, inapozwa na hewa hivyo hivyo, inatoka dukani na betri, starta ya kuwashia, indiketa, honi. Imezaliwa na ruhusa ya barabara. Wewe miezi mitano unahangaika na waya, na bado una nyuki kwenye chupa.

JUMA: XR650L ni kilo 157 ikiwa na mafuta. Bibi hafiki 130. Njoo siku moja kwenye mchanga wa mto mkavu, ikulalie kilo 157 uko peke yako, halafu ndiyo tuzungumze ruhusa.

RIZIKI: Nani alikutuma uende peke yako?

JUMA: Na wewe nani alikutuma ukae jimbo lisilokuruhusu kushika spana?

RIZIKI: Jimbo langu liko sahihi. Tangu 2004 huku pikipiki iliyozaliwa ya porini haipati pleti ya barabarani, hata uifunge taa za Krismasi. Wanaangalia ile lebo ya kiwanda, imepimwa moshi wa barabarani au haikupimwa. Miaka kadhaa nyuma nilitaka kununua pikipiki ya tu-stroki ya mtu, nikatazama namba ya chesisi, herufi ya nane ikawa C. Kwisha. Maana yake stika nyekundu, na wakati huo hata porini kwenyewe ilikuwa na misimu yake. Niliumia, lakini ninaishi kwenye hewa hii. Nina mtoto mwenye pumu, unajua.

JUMA: Najua, na pole. Lakini moshi wa Bibi mmoja?

RIZIKI: Kila mtu ana Bibi mmoja.

JUMA: Sikiliza. Kutoka kwangu mpaka njia ya vumbi inapoanzia ni maili 22. Bila pleti lazima niwe na pikap ya silinda nane ya kumbeba Bibi. Kwenda maili 22, kurudi 22. Moshi wa pikap hauhesabiwi?

RIZIKI: Ndiyo nikasema nunua iliyozaliwa nayo.

JUMA: Iliyozaliwa nayo! Tazama Suzuki. DR-Z400S na DR-Z400E, ndugu wa tumbo moja. Mmoja wamempa kitambulisho, mwingine wamemnyima. Unaniambia yule wa pili ni mharamia?

RIZIKI: Si tumbo moja hilo. E ina kabureta nyingine, ile yenye pampu, inamwaga mafuta kila ukivuta. Na ekzosi yake tofauti. Ndiyo maana ina raha, na ndiyo maana haina ruhusa. Vitu hivyo viwili ni kimoja.

JUMA: Basi mtu akirudisha kabureta ya S na ekzosi ya S?

RIZIKI: Nani atakayempima? Wewe na tepu yako?

JUMA: Hapo sasa unanidharau.

RIZIKI: Sikudharau. Nakuuliza. Arizona walikuuliza moshi au walikuuliza saiti mira?

JUMA: Nasema hivi, sheria imeniruhusu, nimeifuata neno kwa neno, mpaka nimemsimamisha mke wangu juani. Sina cha kuomba radhi.

RIZIKI: Na mimi nasema kuruhusiwa ni jambo moja. Lingine sitalisema tena.

JUMA: Usiliseme.

RIZIKI: Sisemi.

[Kimya.]

JUMA: Chai yako imepoa?

RIZIKI: Imepoa. Na Bibi simpendi.

JUMA: Bibi naye hakupendi. Tuna dakika ngapi?

RIZIKI: Nne. Zamu yangu hospitali inaanza saa kumi na mbili na nusu, na foleni ya leo unaijua.

JUMA: Dakika nne! Namba mbili, swichi ya breki. Bibi ana diski nyuma, kwa hiyo unatoa ile bolti ya kati inayoshika mpira wa breki, unaweka nyingine yenye swichi ya presha ndani. Ukikanyaga, mafuta yanasukuma, taa inawaka. Lazima utoe hewa kwenye breki baadaye, usisahau, mimi nilisahau, nikapita taa nyekundu mbele ya...

RIZIKI: Ulifanya nini?

JUMA: Namba tatu, matairi. Tazama ubavuni pawe na herufi DOT, alama ya kuruhusiwa barabarani. Yale ya mashindano yameandikwa kabisa kuwa si ya barabara kuu. Na yakiwa na DOT bado meno ni meno, lami yenye mvua usiinamie.

RIZIKI: Rudi kwenye taa nyekundu.

JUMA: Namba nne, spoketi, yale magurudumu ya meno ya mnyororo. Mbele nimeongeza jino moja, ni kama kupunguza matatu nyuma. Injini hailii sana ukifika maili 55. Lakini kwenye kupanda mlima...

RIZIKI: Juma, dakika moja.

JUMA: ...unateseka. Namba sita ndiyo kubwa, hati ya umiliki. Ya Bibi imeandikwa chombo cha nje ya barabara, inabidi ibadilishwe, na ukishapata pleti bado unahitaji ile stika ya porini ya dola 25 kwa mwaka, watu wengi wanadhani pleti inatosha, halafu kampuni ya bima nayo ukiwaambia... [mlio mrefu kwa mbali] Samahani.

RIZIKI: Nini hicho?

JUMA: Mama Neema. Amerudi sokoni, Bibi nimemwegesha katikati ya njia ya gari.

RIZIKI: Ni honi ya gari hiyo?

JUMA: Ya gari.

RIZIKI: Hiyo nimeisikia mpaka San Diego. Nenda kamtoe Bibi.